Kiganja cha Bibi Nyanzobe

Masanja, mume wa binti yangu Tabitha, alinyoosha mkono akanionyesha kipande cha mpira cha duara, chembamba kama ganda la kitunguu, kimepasuka katikati. Gari lake la kubebea dagaa, lile la zamani lenye pua fupi, lilikuwa limelala uani kwangu hapa Nyahanga tangu lilipomgomea akitoka Nkome. Lilinuka dagaa, na juu ya dagaa lilinuka oili iliyoungua. Tabo haisukumi, alisema. Tabo, nilivyoelewa mimi, ni kile kidude kinachopuliza upepo kwenye injini ipate nguvu. Ubavuni mwake kuna kikopo cha bati chenye kijiti, na ndani ya kikopo ndimo unamokaa huo mpira. Ukipasuka, kijiti hakivutiki, na gari linapanda kilima kama ng'ombe mgonjwa. Fundi wa mjini alimwambia anunue tabo nzima. Masanja akaona heri akifungue kikopo mwenyewe kwa bisibisi, akikunjua kingo zake taratibu kama mtu anayebandua kigaga.

"Ona, mama, kitu kidogo hivi ndicho kimenilaza," akasema, macho yake yakiangalia ukuta, maana ni kijana aliyelelewa.

Nilikitazama mara moja nikageuza uso. Yeye alidhani nimechoshwa na habari za magari. Mimi niliona duara la ngozi ya mbuzi, nikaona kiganja cha bibi yangu, na aibu ikanipanda shingoni ya moto vilevile kama ilivyokuwa nikiwa mtoto wa kutumwa maji.

Shule sikufika nayo mbali, lakini majina sisahau. Baba yangu aliitwa Luhende, mama yangu Milembe, na mama yake mama aliitwa Nyanzobe. Tulikaa upande wa Bugarama, kabla mgodi mkubwa haujafika, wakati kule ni pamba na mapori tu. Baba alikuwa na gari. Usione ajabu, lilikuwa gari la kutupwa, la bodi ya bati iliyofunikwa nyuma, alilipata kwa Mzee Saleh mfanyabiashara wa Kahama baada ya kuku kutagia ndani yake miaka mingi. Baba alilifufua mwenyewe. Hakuwa fundi, ila hakukubali kitu kifie mikononi mwake. Likabeba pamba, likabeba maharusi, likabeba wagonjwa. Sifa yake ilikuwa moja, haliwaki bila watu wawili. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo mmoja alizungusha hendeli mbele, na kwa kuwa kile kifuniko cha kuzuia hewa kilikwisha kuvunjika, mwingine alifungua boneti akaziba koo la injini kwa kiganja ili ivute mafuta. Aliyeziba siku zote alikuwa mama. Watu walizoea kumwita utingo, naye alicheka.

Wenzangu wa rika langu mnajua ukwe wa wakati ule. Mwanaume akimwona mama mkwe wake njiani anaingia porini, hata kama kuna miiba. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hatamki jina lake, wala yeye hatamki la mkwewe. Sisi watoto hakuna aliyetueleza. Nilichoona mimi ni kwamba baba akifika karibu na kwa Bibi anasimamisha gari mbali, nyuma ya mikatani, na Bibi akisikia mngurumo anajifunika kanga na kuingia ndani. Baba alimwita "wa kule." Bibi alimwita "dereva." Nikakata shauri peke yangu kwamba baba anamchukia Bibi, na Bibi anajua. Nilimwonea Bibi huruma sana. Na baba, niliyempenda, nilimwonea haya.

Kwa kuwa hawakusemezana, mdomo wao nilikuwa mimi. Mwambie wa kule mvua inakuja, aanue mtama. Mwambie dereva tairi lake moja limelala. Nilikwenda na kurudi, na kila nilipofikisha neno nilijiona naziba kitu kilichooza kati ya watu wawili.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Uchungu ulimshika, ukamshika tena, mtoto hashuki. Bibi, aliyezalisha nusu ya wanawake wa pale, aliweka mkono tumboni, kisha akaniambia, "Kimbia, mwambie dereva awashe. Huyu amekaa upande. Hapa si pa mikono yangu tena."

Baba aliwasha na mama mwenyewe akiziba koo la injini, ameinama kwa maumivu, kwa mara ya mwisho siku ile. Tukamlaza nyuma juu ya magunia ya pamba, Bibi akakaa kichwani pake. Kanga ikafungwa nyuma ya kiti cha baba, wasionane. Mimi nilikaa mbele, niwe mdomo. Bibi alichukua wembe wa kukatia kitovu, na mbeleko yake ya ngozi ya mbuzi, laini, nyeusi kwa samli ya miaka yote. Katika ngozi hiyo alimbeba mama yangu, akawabeba wajomba zangu, akanibeba mimi. Wakati ule wengi walishahamia kwenye kanga. Bibi alisema mtoto akipokewa na ngozi anajua kwao.

Katikati ya mbuga, kwenye udongo mweusi ambako huoni mti wala nyumba, gari likakohoa, likakohoa, likanyamaza. Jua lilikuwa utosini.

Baba alishuka akafungua boneti. Akarudi dirishani. "Kabula, waambie wa nyuma pampu haivuti mafuta."

Nikaingiza kichwa kwenye kanga. "Bibi, baba anasema pampu haivuti mafuta."

"Nimesikia. Sikuazima masikio," Bibi akasema, mkono wake uko mgongoni kwa mama. "Mwambie dereva mtoto hajui habari za pampu."

Alipoifungua pampu, ndani mlikuwa na duara la mpira wenye nyuzi, na lilikuwa limechanika. Alikata kipande cha tyubu akajaribu, lakini petroli ilikilainisha kikavimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki. Petroli nyingine ilimrukia kifuani. Shati lilimwunguza, akalivua haraka, kisha akakumbuka ni nani yuko nyuma, akachuchumaa mbele ya gari kama mwizi.

"Usiwaambie wa nyuma kwamba sina shati," akanong'ona.

Nikaenda moja kwa moja. "Bibi, baba hana shati."

"Hilo sikulisikia," Bibi akasema.

Mama alilia kwa sauti ambayo sikuijua. Baba alijaribu mkanda wake, ukawa mgumu. Akajaribu ulimi wa kiatu, ukawa mdogo. "Waulize kama wana ngozi yoyote laini," akasema. Nikauliza. Bibi aliitazama mbeleko mapajani mwake, akaipitisha kwangu.

Nilipompelekea, baba alirudi nyuma hatua nzima, mikono juu, kama niliyemletea nyoka.

"Hiyo hapana. Rudisha."

"Si ngozi?"

"Rudisha, Kabula. Hiyo siwezi kuigusa."

Mimi nilijua maana yake. Hataki kushika kitu cha Bibi, hata hapa, hata mama akiwa analia. Nilirudi na machozi ya hasira, na yale aliyosema nikayaongezea yangu. "Bibi, baba haitaki ngozi yako. Anasema inanuka."

Bibi aliipokea mbeleko, akaikunjua mapajani.

"Mwambie," Bibi akasema pole pole, "hata kama inanuka."

Kisha hakungoja nimwambie. Alichukua wembe wa kitovu, akaiweka mbeleko juu ya ubao wa gari, akaomba nimletee lile duara lililochanika, akakata kwa kulifuata. Alikata mahali pa katikati, pale mgongo wa mtoto unapolala. Ngozi ikatoa mlio mdogo, nikasikia mama akisema ndani ya maumivu yake, "Mayu," yaani mama.

Nilimpelekea baba lile duara. Safari hii alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula msibani. Akatoboa vishimo kwa msumari, akaipanga ngozi, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, midomo ikitetemeka. Nilidhani anatetemeka kwa kinyaa.

Sasa kuwasha. Mzibaji amelala kwenye magunia. Baba alinipandisha juu ya dumu, niweke kiganja. Kiganja changu kilikuwa kidogo, hewa ikapita pembeni. Akazungusha, injini ikatema moto kidogo, nikaruka chini nikilia. Akaweka tambara, injini ikalimeza nusu. Akazungusha mwenyewe, akikimbilia kuziba, akarudi kuzungusha, kama mtu anayefukuza kuku wawili. Mwisho akakaa chini kwenye udongo, mgongo wazi, kichwa magotini.

Ndipo kanga ikafunguliwa. Bibi Nyanzobe alishuka kinyumenyume, akatembea ubavuni mwa gari akilipapasa bati, kanga imemfunika hadi puani. Akasimama penye boneti. Akaweka kiganja cha kulia juu ya koo la injini. Baba alimwona miguu, akajikunja zaidi, angeweza kuingia ardhini angeingia.

"Luhende," Bibi akasema.

Jina lile sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Nilidhani ndiyo laana yenyewe, kwamba uvumilivu umemwisha na sasa anamlaani baba kwa jina lake hapo mbugani.

"Inuka, Luhende, baba. Zungusha. Mimi nimefumba macho."

Baba hakuinua uso. Lakini alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ndiyo, mama."

Akaishika hendeli. Ili kuizungusha ilibidi ainame mbele yake, kichwa karibu na magoti yake, jasho linamtiririka mgongoni usio na nguo. Akazungusha. Injini ikavuta. Bibi, macho yamefumbwa kweli, nilimchungulia, akatoa kicheko kifupi akasema, "Linanyonya." Baba akazungusha tena. Injini ikatema moto, Bibi akakunja uso, mkono hakuuondoa. Tena. Tena. Ikashika, ikanguruma, moshi ukatufunika wote.

Moshi ulipopungua, tukamwona Machibya, jirani yetu wa kijijini, juu ya mkokoteni wake wa ng'ombe, amesimama barabarani. Alikuwa ametokea upande wa mtoni bila sisi kumsikia. Machibya alishusha kofia machoni kwa adabu, lakini macho alikuwa ameshayatumia.

Hospitalini walimwokoa mama, na mtoto akatoka hai. Wa kiume, akaitwa Limi, kwa sababu ya jua lile. Akafungwa kwenye kanga, maana mbeleko ilikuwa na tundu. Ningetaka kuwaambia kwamba tulifurahi mpaka leo. Tulifurahi. Lakini kabla hatujarudi nyumbani, Machibya alikuwa ameshafika.

Kisimani walinipokea binti zake, Holo na Kwandu.

"Kabula, eti kwenu gari anawasha nani?"

"Anawasha bibi yake," Kwandu akajijibu.

"Na baba yake je?"

"Baba yake anavua nguo kwanza."

Walicheka hadi ndoo zikamwagika. Penye mizani ya pamba wanaume wakiona gari la baba walisema, "Subirini, mkwe wake hajafika," na baba alipakua magunia yake kama hakusikia. Alimtuma kaka yake mkubwa kwa Bibi na mbuzi wa kuondoa aibu, Bibi akampokea. Kwa desturi ilikuwa imekwisha. Kwa baba haikuisha. Tangu hapo gari alilisimamisha mbali zaidi ya mikatani, hadi kwenye korongo, na mimi nikawa natembea njia ndefu zaidi na maneno yao. Akipita barabarani nikiwa na wenzangu, nilijifanya natoa mwiba mguuni ili nisimpungie.

Na Bibi naye alibadilika. Akisikia mngurumo wa gari, hata liwe mbali, mkono wa kulia ulitangulia kuingia ndani ya kanga kabla hata hajafunika uso. Nilimuuliza Kwandu, kwa kuwa alijifanya anajua yote. Akasema, "Mkono uliogusa kitu cha mkwe unaoza. Polepole. Wenyewe wanauficha."

Nilimwamini. Bibi alikuwa akinipa michembe, vile viazi vya kukausha alivyovipika na karanga, akinyoosha bakuli kwa mkono ule ule wa kulia, na mimi nikaanza kusema nimeshiba. Mara ya kwanza alishangaa. Mara ya pili alinitazama, akautazama mkono wake. Kutoka siku hiyo aliliweka bakuli mkekani akasema, "Jipakulie, ng'wanone," yaani mwanangu, akaenda kukaa mbali kidogo. Nilijipakulia. Nilikula. Huo ndio mchembe ambao hadi leo, nikiuona sokoni Kahama, napita upande mwingine.

Nilikuwa nimeshaposwa ndipo alipoufungua mkono mbele yangu. Alikuwa ananifundisha namna ya kukaa na wakwe zangu, tumekaa mlangoni tunachambua pamba. Akaweka pamba chini, akafungua kiganja. Hakikuwa kimeoza. Kilikuwa na kovu la duara, jeupe, kama alama inayoachwa na kikombe cha moto.

"Injini ilinibusu," akasema.

"Mbona ulikificha, Bibi?"

"Kwa ajili ya Luhende. Akiiona hii hatakula kwangu hata ugali wa msiba wangu."

Nikamuuliza lile nililolibeba muda wote. "Si alikuwa anakuchukia?"

Bibi alicheka hadi akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni. "Anichukie? Mtu anayekuchukia anakutazama, Kabula. Tena anakutazama vizuri." Akaokota pamba yake. Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akasema, "Na ile ya kunuka nilijua umeitia wewe. Luhende kinywa chake hakina neno hilo."

Alipokufa, baba alikuja. Walipokwisha kumvika sanda alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Mikono ya Bibi ilikuwa imefunikwa. Alikula ugali wa msiba, nilimpelekea mimi, akamaliza.

Basi juzi Masanja alikata duara lake jipya kwenye tyubu, akalipanga ndani ya kikopo, akakunja kingo, akanyonya kile kipaipu kwa mdomo na kukiziba kwa ulimi aone kama hewa inakaa. Ikakaa. Akarudishia kikopo ubavuni mwa tabo. Kisha akasimama, akaanza kufuta spana ile ile iliyokwisha kutakata. Akatazama geti. Akatazama simu. Tabitha alikuwa sokoni, watoto shuleni, na huko Nkome dagaa za watu walioshamwamini zimeanikwa juani na mawingu yamekwisha kuonekana upande wa ziwa. Alihitaji mtu wa kuwasha na kukanyaga mafuta, yeye aangalie kijiti. Mtu huyo hakuwa mwingine ila mimi, naye hawezi kunituma. Angesimama pale hadi mvua inyeshe.

Watoto wa siku hizi wanasema mambo haya yamekwisha. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikashindwa kuinuka kwa haya. Haya zake na zangu. Na nyingine ambazo si za pale.

Nikajifunika kitenge kichwani. Boneti ilikuwa imeinuliwa. Nikazunguka upande ambao hayuko, nikapanda kwenye kiti cha dereva, na mbele yangu hakukuwa na kitu ila bati.

"Masanja," nikasema.

Spana ikaacha kufutwa.

"Mimi sikuoni, baba. Boneti imeziba. Niambie nifanye nini."

"Geuza ufunguo, mama," akasema. "Ikiwaka, kijiti kitapanda. Kisha kanyaga mafuta kidogo, nione kama kinashuka."

Nikageuza. Ikawaka. "Kimepanda?"

"Kimepanda."

Nikakanyaga, na mle ndani kitu kikaanza kupiga mluzi mwembamba, ukipanda na mguu wangu na kushuka na mguu wangu. "Kinashuka, mama," akasema, "kinashuka vizuri," na sauti yake ilikuwa karibu sana nyuma ya lile bati.

Nilimwachia gari likiwa linawaka. Nikatoka kwa mlango ule ule nilioingilia, na boneti ilipofungwa mimi nilikuwa nimeshafika jikoni, nimempa mgongo, napepeta mchele.